Mwalimu Aliyepiga Hodi kwenye Mota

Mke wa Mwalimu alinipigia simu asubuhi moja, nikiwa nimelifungua friji la muuza samaki pale Kilwa Masoko, akaniambia niende Rutamba, walikohamia Mwalimu alipostaafu, nikamnyang'anye mumewe bisibisi. Hata salamu alizikata, na yule ni mama wa salamu ndefu. Alisema Mwalimu amerudia kufungua mashine za watu, anazifungua peke yake, na wiki iliyopita mota ya pampu ilimrusha mpaka akakaa chini. Watoto wake wamemwambia, hasikii. Mwenyekiti wa kitongoji amemwambia, hasikii.

"Wewe atakusikia," alisema. "Vinginevyo tutamzika na bisibisi mkononi."

Nilimwahidi Jumamosi. Sikumwambia kwamba katika wanafunzi wote wa yule mzee, mimi ndiye mwenye haki ndogo kuliko wote ya kumwambia awe mwangalifu. Nitafika huko. Kwanza nataka mumjue, maana ukimjua utaelewa kwa nini nilikaa na lile friji nusu saa nzima bila kushika kitu.

Namwita Mwalimu kwa sababu hatukuwahi kumwita vingine. Shuleni kwetu, bara ya Kilwa, kwenye njia ya kwendea Njinjo, walimu wengine wote walitajwa kwa majina au kwa masomo yao. Ukisema Mwalimu peke yake, ni huyu wa Fizikia. Alikuwa mfupi, mwembamba, mwenye mashati mawili ya mikono mirefu ambayo hayakuwahi kuonekana na mkunjo hata siku moja. Na mashati hayo, mtu aliyeujua umeme kuliko wote niliowahi kukutana nao aliyanyoosha kwa pasi ya mkaa. Nyumba yake haikuwa na umeme. Nguzo ilipita karibu na choo chake, nyaya zikiwa zinaonekana kutoka dirishani, na yeye alisahihisha madaftari yetu kwa koroboi. Ukimuuliza, alisema atauvuta akipata nafasi ya kuufunga vizuri kwa mkono wake mwenyewe. Nafasi haikupatikana, kwa kuwa kila jioni alikuwa kwa watu akiwafungia wao. Mkewe alilisema jambo hilo mbele ya wageni kila alipoweza, na Mwalimu alicheka kama vile anasemwa mtu mwingine.

Alikuwa na mambo yake mengine yasiyopatana. Alituhubiria subira kutwa nzima, lakini alikula kwa kasi ya kutisha. Ungenawa mikono na kugeuka, ugali umekwisha. Kwenye bao alikuwa mwizi wa kete, mwizi wa wazi, na ukimkamata alikuwa wa kwanza kukasirika. Alikuwa bahili wa risasi ya kuchomelea kiasi kwamba aliokota hata matone yaliyodondoka mezani, akayaweka kwenye kopo la marashi la mkewe. Akikasirika sana alitugombeza kwa Kimwera, akijua nusu ya darasa tulikuwa Wamatumbi na hatutaelewa. Nadhani alifanya hivyo kwa huruma.

Ila kwenye kufundisha, sijaona mfano wake, na nimewatafuta.

Chukua lile pangaboi la ofisi ya walimu. Lilikuwa limekufa nusu: ukiliwasha linaunguruma juu ya dari na halizunguki, mpaka mtu alichokoe kwa mti wa ufagio, ndipo linapoanza. Walimu walikwisha kuzoea. Mti wa ufagio ulikuwa na mahali pake pembeni ya kabati, na anayeingia wa kwanza asubuhi ndiye aliyechokoa. Siku moja mwalimu wa Jiografia alilisukuma kwa upande usio wake, nalo likazunguka kinyume bila kinyongo, upepo wote ukaenda darini. Watu walicheka. Mwalimu hakucheka. Alikuja darasani, akatuchukua kumi kumi, akatupeleka tukasimame chini ya pangaboi kama tumekwenda kutazama mgonjwa.

Alituuliza swali moja tu: kama kitu kinaweza kuendelea kuzunguka, kwa nini hakiwezi kuanza? Alituacha nalo siku mbili. Siku ya tatu alitukumbusha wanawake wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Mchi wa huyu ukiwa juu, wa yule uko chini, ndiyo maana kazi inakwenda. Wakiinua pamoja na kushusha pamoja, michi inagongana na mtama haukobolewi. Mota ya umeme wa majumbani, alisema, ina koili mbili, yaani nyaya zilizozungushwa mizunguko mingi, nazo zinakula umeme mmoja. Zikiachwa hivyo zinavuta kwa pamoja na kuachia kwa pamoja, na pangaboi linabaki linatetemeka bila kujua liende upande gani. Sasa kwenye njia ya koili ya pili kunawekwa kapasita, ili umeme wa koili hiyo utangulie kidogo, zipate kupokezana. Kapasita ikichoka, mnakuwa nyinyi na mti wenu wa ufagio.

Akapanda juu ya meza, akatoa kikopo kidogo cheusi kilichovimba tumbo, akaweka kingine alichokitoa mfukoni. Pangaboi likazunguka lenyewe. Mwalimu mkuu alitaka kujua alikuwa na kapasita hiyo tangu lini. Mwalimu akakiri kwamba alikuwa nayo tangu muhula uliopita, ila mada ilikuwa haijafika.

Koili alitufundisha kwa kutuonea. Alitusimamisha wanane tumeshikana mikono, wa mwanzo na wa mwisho wakashika ncha mbili za koili aliyoitoa kwenye transfoma ya redio. Kisha akaonyesha betri moja ya tochi. Mwenzetu mmoja, kijana wa maneno mengi, alimwambia kwamba betri ya tochi anailamba nyumbani kila siku. Mwalimu akasema ni kweli, haina neno. Akaunganisha betri kwenye koili. Hatukusikia kitu. Akatuacha tucheke mpaka tukachoka. Halafu akaukata waya wa betri kwa ghafla, na wanane wote tuliruka kwa pamoja, yule wa maneno mengi akiwa juu kuliko wote.

Tulipotulia akatueleza. Koili haikatai umeme, inakataa mabadiliko. Umeme ukiingia, inauchelewesha. Ukitaka kuukata, inataka uendelee, na itausukuma kwa nguvu ambayo hata betri yenyewe haina. Ni kama baiskeli iliyopakiwa magunia mawili ya korosho: shida kuianzisha, na shida zaidi kuisimamisha mteremkoni. Ile cheche unayoiona kwenye swichi ukizima mashine ni koili inagoma. "Kapasita inaweka, koili inashikilia," alisema, nasi tukaandika. Tangu hapo alitugawa watu wote katika mafungu hayo mawili. Mkewe alikuwa kapasita, anaweka neno mwezi mzima halafu analitoa lote siku moja. Mimi alinitia kwenye koili. Sikupenda, na kwa kule kugoma kwangu nikathibitisha kwamba amesema kweli.

Lakini lililomfanya ajulikane mpaka vijiji vya jirani lilikuwa lile la hodi.

Kapasita, kama ilivyo, ni mabati mawili membamba yaliyokunjwa pamoja na katikati yake utando, hayagusani. Umeme unajazana kwenye bati moja na kupungukiwa kwenye la pili. Ukizima mashine, hata ukichomoa waya ukutani, unaweza kubaki umejaa humo ndani, kimya, dakika nyingi, pengine saa. Mafundi wengi wanaumwa na mashine iliyozimwa. Mwalimu alikuwa na kalamu ya wino uliokwisha, ambayo ndani yake alitia rezista ya kuumwaga umeme polepole na vitaa viwili vidogo vyekundu vya redio mbovu, vimekaa kinyume ili umeme ukija upande wowote kimoja kiwake. Nyaya mbili zilitokeza kwenye ncha. Kabla ya kutia kidole kwenye mota yoyote, aligusisha nyaya zile kwenye vichwa viwili vya kapasita, akasema kwa sauti: "Hodi."

Upande wa pili alisimama mtu mwingine, amekinga kitaa kwa kiganja. Maadamu kinawaka, mtu huyo anajibu, "Bado." Kikizimika kabisa anahesabu mpaka tatu moyoni, ndipo anasema, "Karibu." Mwalimu haingizi mkono mpaka akaribishwe. Na mkikaa mkaanza maongezi, hata kama umekwisha karibishwa, unapiga hodi upya, kwa sababu kapasita iliyomwagwa ina tabia ya kujikusanyia kidogo tena kutoka kwenye ule utando.

Kwa nini mtu wa pili? Alisema mwenye haraka ya kuingiza mkono huona kitaa kimezimika kabla hakijazimika. Akatuchorea mstari ubaoni: unashuka kwa kasi mwanzoni, kisha unalegea, kisha unalala kabisa huku haujafika chini. Umeme unapungua kwa kadiri ya uliobaki, kwa hiyo kila unavyopungua ndivyo unavyozidi kuchelewa kwisha. Akaweka kidole pale mstari unapolala, akatuambia hapo ndipo watu wanapoumia.

Wazazi waliposikia kwamba kuna mwalimu anaziita mashine na mtoto anaitikia, habari ikageuka kuwa majini. Ikafika msikitini. Imamu akaja shuleni na wazee wawili, wamevaa vizuri, Mwalimu akawapeleka kwenye mota ya pampu. Sikuwapo, lakini tulisimuliwa na mlinzi mpaka tukajua kwa moyo: Imamu mwenyewe alikinga kitaa kwa kofia yake, akasema bado, akasema bado tena, akasema karibu, na aliposimama alikuwa ameridhika. Aliuliza jambo moja tu, mtu asiye na wa kumwitikia afanyeje. Mwalimu akamjibu kwamba mtu huyo asifungue. Ikawa sheria. Tuliiandika ndani ya jalada la daftari: asiye na wa kumwitikia asifungue.

Sasa nifike kwenye langu.

Nilikuwa kidato cha pili. Pampu ilisimama saa sita mchana, wakati wa kiangazi, na wasichana wa bweni walikuwa wamepanga ndoo toka asubuhi. Mwalimu alifungua kifuniko cha mota, akaniita mimi nikae upande wa kitaa. Nyuma yangu kulikuwa na wenzangu arobaini wenye kiu, na mmoja alikuwa akinihimiza kwa kunifinya mgongo. Jua lilikuwa utosini. Nilitakiwa nikinge kwa kiganja, sikukinga. Mwalimu akasema hodi, nikasema bado mara moja. Kitaa kikapauka kwenye lile jua. Nilitaka nionekane mwepesi. Nikasema karibu.

Mkono wake ulirudi nyuma kwa nguvu ukagonga kingo ya kile kifuniko cha bati, na kifundo cha kidole cha shahada kikachanika mpaka ukaonekana weupe ndani. Alikaa chini. Mwalimu wa zamu alikuja mbio akauliza kimetokea nini, na Mwalimu, damu ikidondoka kwenye lile shati lisilo na mkunjo, alimjibu kwamba ameharakisha. Alisema "nimeharakisha". Akafungwa kitambaa, akamaliza kazi kwa mkono wa kushoto, maji yakatoka.

Hakuniambia kitu siku ile. Wala kesho yake. Nilingoja kugombezwa hata kwa Kimwera. Wiki iliyofuata ilikuja mota ya mashine ya kukobolea, darasa zima likasimama, naye akaniita mimi tena nikae upande wa kitaa. Nilitikisa kichwa. Akasubiri. Nilikwenda, nikakinga kwa viganja vyote viwili, nikasema bado, bado, bado, mpaka wenzangu wakaanza kucheka kwa sababu kitaa kilizimika zamani. Yeye alikaa na mkono wake uliofungwa, akingoja, mpaka niliposema karibu. Ndipo akauingiza. Kama leo mimi ni fundi, na watu wanatoka Songo Mnara na mafriji yao kunitafuta mimi mwanamke na kuwaruka mafundi wanaume watatu njiani, ni kwa sababu ya siku hiyo.

Na msamaha sikumwomba. Kila nilipokwenda kumsalimia, miaka yote hii, nilikwenda nao na kurudi nao. Nilijiambia labda hakujua kwamba sikukinga, labda alidhani ni jua tu. Mtu anaweza kuishi muda mrefu na labda ya namna hiyo. Ndiyo maana simu ya mkewe ilinikalisha chini.

Jumamosi nilifika Rutamba adhuhuri. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba akiwa ameuinua uso kidogo, kama mtu anayesikiliza. Alikuwa amepungua. Shati lilikuwa limenyooka vilevile. Aliniuliza kama ninaendelea kuokota risasi, nikamwambia naokota, akafurahi. Mkewe aliniandalia chakula huku ananikazia macho. Mwalimu alikuwa amekwisha kula kabla sijakoroga mchuzi.

Hatujanawa, jirani mmoja akaingia na toroli, juu yake mota ya mashine ya kusaga. Alisema inaunguruma na haianzi, walikuwa wakiivuta mkanda kwa mkono ili izunguke, na sasa hivi nusura imkate mtu vidole. Walikuwa wameichomoa dakika hiyohiyo. Mwalimu aliinuka akasema mambo ya kinu na michi miwili, akaagiza iwekwe kwenye kivuli cha kibaraza. Nilijua hapo ndipo natakiwa niseme neno. Sikulisema. Nilikwenda nikachuchumaa karibu.

Alifungua kifuniko kwa kupapasa skrubu, bila kukosea hata moja. Akatoa kalamu kwenye mfuko wa shati, ileile, imezungushiwa plasta. Akagusisha nyaya.

"Hodi," alisema.

Jirani alimtazama tu, hakujua kwamba kuna jibu. Kitaa kilikuwa chekundu kabisa. Mwalimu alikuwa amekielekezea uso, lakini macho yake yalitazama pembeni ya kalamu, na kwa ukaribu ule niliona ukungu mweupe umefunika mboni zote mbili. Alisubiri kidogo, kiasi ambacho mtu husubiri kwa kukumbuka. Kisha akajijibu mwenyewe, karibu, akaanza kuingiza mkono.

"Bado, Mwalimu."

Mkono ukasimama. Hakugeuka. Nilikinga kitaa kwa kiganja changu. Nikasema bado tena. Kilififia, kikabaki kijinukta, kikakaa hapo muda mrefu kama alivyotuchorea ubaoni. Nilisema bado mara nne. Kilipozimika nilihesabu tatu.

"Karibu."

Hakuuingiza mkono. Aliukunja akauweka gotini.

"Ulikuwa umebaki mwingi?" aliuliza.

"Kitaa kilikuwa kinawaka vizuri kabisa."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na sahani. Mwalimu alikuwa anakisugua kile kifundo cha kidole, chenye kovu, kwa kidole gumba.

"Leo hukuharakisha," Mwalimu alisema.

Nilimwambia kwamba siku ile sikukinga, kwamba nilitaka nionekane mwepesi, kwamba nilitakiwa kusema siku ileile na sikusema. Yalitoka yote kwa pamoja, vibaya, jirani wa watu akiwa pale na mota yake. Nililia pia, sioni haya kusema.

"Nilikuona," alisema. "Nilikuona kiganja kiko gotini. Mimi ndiye niliyekuona nikaingiza mkono hivyohivyo, kwa sababu na mimi niliona ndoo zile. Kwa hiyo tuliharakisha wawili. Sikusema uongo kwa yule wa zamu."

Kisha akaipapasa bisibisi pale chini, akaigeuza, akanishikisha upande wa mpini. Na kalamu akanishikisha. Akajisogeza nyuma mpaka mgongo ukafika ukutani, akaificha mikono yake miwili kwapani kama mtu anayesikia baridi.

"Tumezungumza," alisema. "Piga hodi upya."

"Nani ataniitikia?"

Alimwita mkewe. Yule mama hakuwahi kuikaribia mashine yoyote katika maisha yake ya ndoa. Aliweka sahani chini, akaja, akachuchumaa mbele yangu, na Mwalimu akamweleza kwa maneno machache la kufanya. Akavuta ncha ya kanga yake akakikinga kitaa. Niligusisha nyaya, nikasema hodi. Hakukuwa na kitu cha kuona, nilijua, lakini yule mama aliinama akatazama kwa muda mrefu mpaka jirani akakohoa. Hakuharakishwa.

"Karibu, mwanangu," alisema.

Nikaingiza mkono, na bisibisi ilikuwa mkononi mwangu, na hakuna aliyemnyang'anya mtu.